Shimo Kubwa Kuliko Sauti

Baba yangu alipokufa aliacha wake wawili, shamba la kahawa lenye mawe, na kigoda kimoja. Wake walijua pa kwenda. Shamba hakuna aliyelitaka. Tuligombania kigoda.

Chenyewe hakikuwa kitu, mchwa walishakula mguu mmoja. Lakini ndicho alichokalia miaka yote mbele ya mabao ya embaire. Embaire ni marimba yetu sisi Wasoga, ile ya kulazwa juu ya shimo. Unachimba shimo, unalaza mashina mawili ya migomba kando yake, na juu ya mashina unapanga vibao vya mti, kuanzia vidogo vinavyolia kama vifaranga hadi mabao, marefu na mapana, yanayonguruma. Wapigaji hukaa huku na huku. Anayekalia mabao ndiye mwenye ngoma. Wengine wakikosea watu huendelea kucheza. Mabao yakikosea, hata mlevi husimama akauliza kuna nini.

Baba hakusema amemwachia nani. Katika ukoo wetu, jambo kama hilo humalizwa siku ya kuanua tanga: atakayeyapiga mabao mbele ya watu siku hiyo ndiye anayeondoka na kigoda. Nilikitaka mimi. Niliacha shule nikiwa mdogo kwa sababu ya embaire, na mtu aliyeacha shule kwa ajili ya kitu hawezi tena kukikosa kitu chenyewe.

Tatizo lilikuwa Mukose, jirani yangu. Yeye naye alipiga na baba miaka mingi, upande wa pili, na alipiga kama mtu anayefukuza kuku kwenye ulezi. Lakini shimo lilikuwa kwake. Baba yake na baba yangu walilichimba zamani walipokuwa hawajali mpaka uko wapi. Mpaka ulipokuja kujaliwa, shimo likaonekana liko uani kwa Mukose, karibu na zizi la mbuzi.

Alikuja kwangu akiwa ameoga, nikajua ana neno.

"Vibao ni vyenu, sikatai," akasema. "Shimo ni langu. Mabao nayapiga mimi siku ya tanga, au napanda mgomba humo ndani."

Nikamjibu kwamba shimo ni upungufu wa udongo tu, na upungufu hata kwangu upo mwingi. Akacheka akaenda zake. Mimi nikachukua jembe.

Binamu yangu Balidawa, ambaye hupiga vibao vya katikati, alikuja kunisaidia. Shimo la baba lilikuwa la kupita goti kidogo. Nikaona, ikiwa shimo la gotini lilisikika mpaka mtoni, la kifuani litasikika mpaka mjini Jinja. Balidawa aliuliza kama nina hakika. Nilimwambia achimbe. Mke wangu Naigaga alipita na ndoo, akachungulia, akauliza tunamzika nani. Naye nilimwambia kitu ambacho sitakiandika.

Tulipomaliza tukalaza mashina, tukapanga vibao, nikakaa, nikapiga. Vidogo vililia. Mabao yalitoa sauti ya mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Jambo lenyewe nililielewa baadaye, kwa chupa ya bia. Ipulizie mdomoni ikiwa tupu, inavuma. Itie maji nusu, inalia juu zaidi. Sasa chukua pipa ulipulizie: utazimia na halitasema kitu. Chombo ni cha aina ile ile, pumzi ni ile ile, lakini hewa iliyomo ina mwendo wake, na mwendo huo hutegemea ukubwa wa nyumba yake. Ubao ukipigwa hutikisika, lakini peke yake hunong'ona tu. Hewa ya shimoni ndiyo hupokea mtikisiko ule na kuufanya sauti, nayo hupokea ikiwa tu miendo yao inalingana. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma akiwa ndio kwanza anarudi, mnaumizana tu. Hewa ya shimo langu ilikuwa nyingi na nzito. Bao likisema njoo, yenyewe bado inakwenda.

Baba hakuwahi kutuambia hayo. Yeye alichimba kidogo, akalaza bao, akapiga, akasikiliza, akachimba tena, mpaka akasema basi. Mimi sikupiga hata mara moja kabla ya kumaliza kuchimba. Nilikuwa namchimbia Mukose, si embaire.

Naigaga akasema lifukiwe nusu. Ilikuwa siku moja kabla ya tanga. Tukatupa udongo, nikapiga, ikawa mbaya zaidi. Udongo uliotupwa ovyo ni kama godoro, sauti inaingia na kulala. Wa kushindilia na kukauka ulihitaji siku ambazo hatukuwa nazo. Tukautoa wote tena. Hapo Balidawa hakuniuliza kitu, na nilitamani angeuliza ili nimtukane.

Asubuhi ya tanga Mukose alikuja mapema, amevaa kanzu nyeupe na koti, yuko tayari kuombwa. Kanzu ilimbana tumboni kama ngozi ya ngoma, maana ni mtu mnene, wa unene mgumu. Alilizunguka shimo. Akamwita mke wangu aje aone.

"Shemeji, huyu mume wako ana ng'ombe aliyekufa? Hapa anatosha na pembe zake."

Tulikuwa tumepanga mabao tu, vibao vingine bado viko nyasini. Mukose akasogea upande ule ulio wazi ili atuoneshe vizuri ujinga wangu, ukingo ukamomonyoka, akateleza akaingia mzimamzima. Balidawa alikuwa amekaa kwenye mabao. Nadhani kwa furaha tu, akainua kigongo akapiga bao kubwa kuliko yote.

Likanguruma. Nililisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Kuku walitoka mbio chini ya ghala.

Tukamvuta Mukose nje, Balidawa akapiga: mlango wa nyumba iliyohamwa. Tukamwangalia Mukose. Akatuangalia. Kisha, bila kuombwa, akainua kanzu yake akarudi shimoni, akachuchumaa. Balidawa akapiga, na baba yangu alikuwepo pale, ngurumo kwa ngurumo.

Sauti nyembamba ya Mukose ikatoka chini, imejaa heshima kwake mwenyewe. "Kumbe ni mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwili wake ulichukua nafasi ya hewa iliyozidi, na iliyobaki ikawa kiasi kile mabao yalichokitaka. Miaka yote alikuwa akitangaza kwamba bila yeye embaire ya kijiji hiki haina sauti, na leo ilikuwa kweli kabisa.

Tayari ngoma za wageni zilisikika barabarani. Nilimwambia aturuhusu tuhamie shimo lake, nitampa mabao nusu ya siku. Akakataa. Alikuwa amenogewa. Alisema atakaa humo humo, na mwisho wa sherehe nitasimama mbele ya ukoo niseme sauti ilikuwa ya nani. Nikakubali. Tukapanga vibao vyote juu yake, Balidawa akampitishia kiazi kitamu kwenye upenyo, na wapigaji wengine wakala kiapo cha kunyamaza.

Watu walijaa. Nikakaa kwenye kigoda, nikaanza. Sijawahi kupiga vile. Wazee wa ukoo walitikisa vichwa, wanawake wakafunga vitambaa viunoni. Shangazi Nang'obi, dada mkubwa wa baba, ambaye ndiye angesema kigoda kiende wapi, alikaa mkekani amefumba macho na machozi yanamtoka. Nikajua nimeshinda.

Tulipopumzika baada ya wimbo wa tatu au wa nne, shimo likapiga chafya.

Vumbi la vibao lilikuwa limemshukia Mukose usoni muda wote. Mtu hawezi kumlaumu. Lakini chafya ile haikuwa ya Mukose ninayemjua. Shimo lilikuwa limeifanyia kama lilivyoyafanyia mabao. Ilitoka nene, yenye mwangwi, chafya ya marehemu mwenyewe.

Shangazi akajikokota mpaka kwenye embaire akapiga magoti.

"Kaka," akasema. "Ni wewe?"

Nilimwomba Mungu amzibe Mukose mdomo. Shangazi akasogeza sikio kwenye vibao.

"Umekasirika? Kuna kitu hatukukifanya? Sema, sisi ni watu wako."

Ningeweza kusema hapo hapo kwamba ni Mukose. Lakini ningesemaje kwamba siku ya kumuaga baba yangu nimemweka mtu mzima shimoni mwenye kanzu na kiazi? Balidawa alikuwa anauma mkono wa shati lake. Na chini yetu, nilimsikia Mukose akivuta pumzi ya mtu aliyepata wazo.

"Mabao," shimo likasema polepole, "mpeni Mukose."

Watu wengine walianza kurudi nyuma bila kugeuka. Shangazi akainamisha kichwa mpaka kikagusa udongo, akasema amesikia. Kisha akaniangalia na kunyoosha mkono, nami nikampa vigongo. Ningefanya nini? Marehemu hajibiwi.

"Mukose yuko wapi?" Shangazi akauliza.

Hapo nikaona uso wa Balidawa unang'aa taratibu, na wangu ukafuata.

Wakamwita. Waliita uwanjani, wakaita barabarani. Mtu akatumwa kwake, akarudi na mke wa Mukose, ambaye alisema mumewe alitoka asubuhi amevaa vizuri akisema leo atarudi na kigoda. Waliita tena, watu wengi kwa pamoja, Mukose, Mukose, na kila walipoita nilihisi vibao vikitikisika kidogo. Alikuwa pale, chini ya mikono yao, amepewa alichokililia maisha yake yote, na hawezi kuitika. Akiitika ni marehemu anaitika.

Shangazi alisubiri. Malwa, pombe yetu ya ulezi, ilikuwa inapoa chunguni na watu wameshika mirija mikononi.

"Msubirini," shimo likasema. Safari hii lilikuwa na haraka kidogo. "Yuko karibu."

"Kaka, tumesubiri," Shangazi akajibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa ya dada mkubwa. "Hata ulipokuwa hai uliwaonea huruma wazembe. Mtu anaitwa na wafu, hafiki! Huyo tutamkabidhi nini? Lala, kaka. Sisi tulio juu tuna jua la kuangalia."

Akanirudishia vigongo. Shimo lilifungua mdomo, nililisikia, nami nikalishukia bao kubwa kwa nguvu zangu zote, na wengine wakaingia, na chochote kilichosemwa humo kikageuka kuwa muziki.

Wageni walikunywa mpaka jua linaelekea kuzama, wengine wameegemea mashina yale yale ya migomba, wakisimulia chafya. Walipoondoka tukaondoa vibao. Mukose alitoka kwa magoti, kanzu yake rangi ya kichuguu, masikio yanamvuma. Nilikuwa tayari kwa matusi. Alikaa ukingoni akinyoosha miguu.

"Ilisikikaje?" akaniuliza.

Nikamwambia kweli, kwamba haijawahi kusikika vile.

"Uliahidi utasema."

"Nitasema. Nimwite Shangazi sasa hivi, nimweleze ni nani alikuwa anaongea naye?"

Akafikiri. Akaomba maji.

Kesho yake mimi na Balidawa tulianza kulipunguza shimo kwa subira, tabaka kwa tabaka, kila moja tunalishindilia na kuliacha likauke kabla ya lingine. Kipimo kilikuwa wazi: udongo wa kutosha mtu mmoja. Mukose alikuja kila siku kusimamia, akaleta hata jembe lake, na kila siku tulikuwa na ugomvi ule ule.

"Acheni hapo," alikuwa akisema, akishika tumbo lake na kulitazama lile tabaka. "Mmezidisha. Mimi si mnene hivyo."

Nikapiga bao. Bado lilikuwa linagonga mlango. Tukamwongezea.