Ukuta Uliomo Kwenye Ramani

Fundi hakumwamini mtu anayevua viatu kabla ya kukaribishwa ndani. Na huyu mshonaji aliyekuja kuitazama fleti alivivua mlangoni, akavipanga ukutani, akatoa futi yake ya kushonea na kuanza kupima. Hakuuliza maji yanatoka saa ngapi. Alipima sebule, akapima jiko, akaandika kwenye kijitabu, kisha akarudi kupima palepale.

"Mama, unashona pazia au unanunua nyumba?"

"Vyote viwili, baba," alijibu mshonaji, penseli mdomoni.

Ana lake jambo huyu, Fundi alijisemea. Lakini hakuwa na ubavu wa kumfukuza. Alikuwa mwashi miaka arobaini, na magoti yake aliyaacha kwenye nyumba za watu. Fleti yake ilikuwa ghorofa ya nne, lifti hakuna, na wiki iliyopita alikaa ngazini nusu saa nzima na mfuko wa viazi akingoja miguu ikubali. Binti yake alikuwa amemtafutia chumba cha chini jirani na kwake, na mwenye chumba alisema atamngoja hadi mwisho wa mwezi, si zaidi. Fleti isipouzwa, Fundi angebaki kule juu mpaka ashushwe na watu wanne.

Mshonaji alikunjua nakala ya hati. Jengo lenyewe halikuwa la wakazi. Lilikuwa na mwenyewe, na wakazi walinunua miaka tisini na tisa ya kukaa, ambayo kwa Fundi ilibaki sitini na mmoja. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na ramani ya fleti. Mshonaji aliigusa kwa kidole.

"Baba, hapa pana ukuta kati ya jiko na sebule. Uko wapi?"

"Ukuta gani?"

Lilikuwa swali la kipumbavu kutoka kwa mtu aliyejenga nusu ya kuta za mtaa ule, na mwenyewe alilisikia likimtoka. Ukuta ule aliubomoa kwa mikono yake miaka sita iliyopita, nyundo kaifunga tambara isipige kelele, kifusi akakishusha kidogo kidogo kwenye mifuko ya unga. Hati ilisema wazi kwamba mtu asibomoe ukuta bila idhini ya maandishi ya mwenye jengo. Lakini marehemu mkewe alikuwa amesema, "Mume wangu, utoe huo ukuta, jiko halina hewa," na mkewe akishasema jambo mara ya pili, hati ilikaa pembeni.

"Mwanasheria wangu amenikataza kutia sahihi mpaka nione idhini," mshonaji alisema. "Nikinunua fleti yenye kosa, kosa linakuwa langu. Mwenye jengo anaweza hata kuufuta upangaji wote, nikatoka nje na cherehani yangu kichwani."

Fundi alimsindikiza hadi chini ili ahakikishe ameondoka kweli. Pale chini alimkuta msimamizi wa jengo, aliyeitwa Funguo kwa lile rundo lililoning'inia kiunoni mwake, akifagia ngazi iliyokwisha kufagiwa.

"Mzee, umepata mnunuzi?"

"Nani amekwambia nauza?"

"Si naona watu wanapanda na kushuka." Funguo aliegemea ufagio wake. "Nenda ofisini kwa mwenye jengo, faili lako lipo. Hata marehemu mama alikwenda kule mara mbili, mimi ndiye niliyemwonyesha njia. Aliniambia nisikwambie, lakini sasa nadhani haidhuru."

Maneno hayo yalipanda na Fundi ghorofa zote nne. Kwa nini mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na minane aende ofisi ile kwa siri? Jina lake lilikuwemo kwenye hati pamoja na la Fundi, na mwenye jina anaweza kumpa mwingine fungu lake. Hapo akamkumbuka dada wa marehemu, ambaye tangu mazishi hupiga simu kila Ijumaa: "Shemeji, vipi hiyo nyumba?" Fundi aliunga moja na moja, akapata anachokiogopa. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na papo hapo akaona haya, maana nguo za mkewe bado zilikuwa kabatini.

Haya hazikumzuia. Aliipekua mifuko yote usiku ule. Alipata kitana, vidonge viwili, na risiti ya viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa vyake yeye Fundi.

Asubuhi alikuwa wa kwanza ofisini. Karani alikuwa binti mwenye miwani mikubwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mke wangu alikuja kufanya nini hapa?"

Karani alimtazama kidogo, akaenda kuleta faili, akalifungua taratibu. "Kuna idhini moja tu humu. Ya ukuta."

"Idhini?" Miaka sita Fundi alikuwa akitundika shuka mahali pa ukuta ule kila fundi bomba alipobisha hodi. "Nisomee."

Karani alisoma. Mwenye jengo ameruhusu ukuta wa jiko uondolewe, kwa kuwa mwombaji ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, naye anaomba kitanda chake kiwekwe sebuleni, mahali atakapomwona mumewe akipika. Ruhusa hii ni kwa muda wa uhai wake. Akifariki, ukuta urudishwe ndani ya siku tisini, na kwa vyovyote kabla fleti haijauzwa. Chini yake palikuwa na neno "Nimekubali", na sahihi ya mkewe, ile yenye mkia mrefu.

Fundi aliomba aisome tarehe mwenyewe. Ilikuwa wiki tatu kabla ya habari ya jiko kukosa hewa. Na daktari aliwaambia kuhusu ugonjwa miezi minne baada ya hapo, wakiwa wamekaa viti viwili, mkewe akashtuka pamoja naye, akalia pamoja naye, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia.

"Baba, mama alifariki lini?" karani aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mwaka juzi, mwezi wa tatu."

"Basi siku tisini zilishapita."

"Zilishapita," Fundi alikubali.

"Urudishe tu. Mkaguzi akiuona, idhini ya kuuza nitakuandikia siku hiyohiyo."

Mshonaji alipopigiwa simu alisema yeye aliupenda uwazi ule, na kwamba angeweza kuomba idhini mpya kwa jina lake. Fundi akanusa hila tena, kwa mazoea. Kisha akachoka kunusa.

"Hapana, mama. Ukitaka, wewe utabomoa wa kwako. Huu wa kwetu kuna mtu aliutilia sahihi."

Funguo alimpandishia matofali na saruji. Fundi alimuuliza anataka nini, naye akasema anataka chai. Ujenzi ulichukua siku nne, kwa sababu ya magoti, na kila safu aliipima kwa pimamaji mara mbili.

Siku ya nne ilibaki nafasi ya tofali moja. Fundi aliketi sakafuni sebuleni, pale kilipokuwa kitanda, akachungulia. Aliliona jiko lote: meko, sufuria, na mahali aliposimama akiunguza vitunguu huku mkewe akimcheka mpaka anakohoa.

"Kumbe ulijua," alisema kwa sauti. "Ulijua, ukanicheka."

Alilia pale sakafuni bila kujificha. Kisha akajiinua kwa kushika ukuta mbichi, akazunguka kwa kupitia korido, akaingia jikoni. Akapaka saruji tofali la mwisho. Aliliweka kutokea upande wa meko, akiwa amesimama palepale alipokuwa akionekana.