Sauti Iliyopita Darasa la Tatu

Mkutano wa kuhama ulifanyika Kisiba mwaka 1974, katika darasa la tatu, asubuhi ya ukungu mwepesi. Wanaume walikalia madawati, wanawake wakakaa sakafuni. Tupokigwe alibaki nje, jicho kwenye ufa wa ukuta wa mbao. Ndani alikuwamo Ambindwile, baba wa marehemu mumewe, na mkamwana wa Kinyakyusa haonekani wala hasikiki mbele ya mkwewe.

Jua lilipenya tundu la bati likashuka mshazari hadi katikati ya darasa. Kila aliyesema, sauti yake ilipita kwenye mwanga huo kwa mawimbi, kama ziwa lililotupiwa jiwe. Ilikuwa hivyo tangu bati litoboke. Mwalimu Meshaki aliyatumia kufundishia, akiyapima kwa rula ndefu ya ubaoni: kutoka wimbi hadi wimbi, sauti ya mwanamume ilikaribia rula tatu, ya mwanamke moja na nusu.

"Amoni, yako ina mikunjo kama shati lako," mtu alisema. Wakacheka.

Afisa kutoka wilayani akauliza, "Kuna anayekataa kuhamia barabarani?"

Mwanga ukatulia. Tupokigwe alilifikiria kaburi la mumewe katikati ya migomba. Nani angelipalilia? Akaweka mdomo kwenye ufa.

"Mimi sihami."

Mawimbi yakaingia, yakapita mwangani mbele ya Ambindwile. Mzee akajifunika uso kwa kofia. Wengine wote, kwa adabu, wakatazama sakafu.

"Mwalimu, pima," afisa alisema.

Meshaki akapima. "Moja na nusu. Mwanamke."

"Mwanamke gani?"

Hakuna aliyethubutu kumtaja mkamwana mbele ya mkwewe. Afisa akamgeukia Ambindwile.

"Mzee, umeona nini?"

"Hapo mimi sitazami, mwanangu," alijibu ndani ya kofia. "Wala sisikii."

"Basi hakuna aliyekataa."

"Ndaga," mzee akashukuru, kwa kuwa heshima ya nyumba yake ilikuwa imehifadhiwa.

Lori lilikuja Alhamisi. Tupokigwe alipakia mkeka, chungu na kuku, kisha akageukia migomba akamwita mumewe.

"Baba Ikupa, wanatuhamisha."

Sauti yake ilikwenda polepole katika jua lililopenya majani, wimbi nyuma ya wimbi, hadi kaburini. Dereva aliingoja ifike, kama mtu anavyongoja ng'ombe wavuke njia. Kisha akawasha injini.