Mpira Ukiruka Ukuta

Hata saa nne asubuhi ilikuwa haijafika, na kisu cha Odell Pruitt kilishapasua mabega ya nguruwe mia nne na ushee. Jumamosi kiwanda kinafungwa saa sita, na saa kumi na moja jioni alitakiwa uwanjani, mechi ya mwisho ya msimu. Kengele ya mapumziko ilipolia akavua glavu za chuma, akaenda kantini, na huko ndiko simu ya kocha ilikomkuta.

"Mkaguzi wa ligi ameshafika," kocha alisema. "Anataka mipira sita kabla ya saa kumi. Tunao mmoja, nao umepasuka."

Odell hakushangaa. Mpira wao wa Kimarekani unachezwa ndani ya ukumbi, zulia la kijani likitandikwa juu ya barafu ya mchezo wa magongo, na ukuta uko hatua mbili kutoka kwenye mstari. Mpira ukiruka ukuta ni wa aliyeudaka. Mtazamaji huenda nao nyumbani. Ndiyo sheria, na ndiyo inayojaza viti. Lakini mwenye timu aliacha kununua mipya tangu Mei, na wiki mbili sasa simu yake haipatikani. Mipira ya msimu mzima ya timu yao, Nyati wa Oslo Grove, ilikuwa imetawanyika mitaani: juu ya televisheni, dirishani kwa kinyozi, kwenye vitanda vya watoto.

"Na msipoipata?" aliuliza Bernadine Kowalke, mama wa miaka sitini na moja anayekata mafuta meza ya pili kutoka kwake, Odell alipowasimulia wenzake.

"Inaandikwa tumeshindwa. Bila kucheza."

"Kwani kushindwa ni kugeni kwenu?"

Watu wakacheka. Odell naye akacheka, kisha akaacha.

"Nimeshindwa sana, mama. Miaka tisa. Lakini nimeshindwa nikiwa nimesimama uwanjani. Jumatatu ligi inaivunja timu. Hii moja tu nataka niicheze."

Bernadine alimtazama. Akainua kikombe chake cha bati, akagonga meza mpaka kantini nzima ikanyamaza.

"Nani ana mpira wa Nyati nyumbani kwake? Msione haya, wezi nyie! Inueni mikono!"

Saa tisa na nusu mipira mitano ilikuwa mezani ukumbini. Wa sita aliuleta Bernadine mwenyewe, umefungwa kwenye taulo. Ulikuwa umeandikwa kwa kalamu nene: *Odell, Aprili 12*. Siku ile mpira ulimponyoka mwenzao mbele ya mstari wa mwisho, Odell akauangukia ng'ambo ya mstari, ikawa pointi. Watu wa kazi yake, wanaoinama na kupitisha mpira nyuma kati ya miguu, hawafungi. Yeye alifunga mara hiyo moja tu maishani, akachanganyikiwa, akautupa juu ya ukuta, ukavunja miwani ya Bernadine.

Mkaguzi, Bwana Lindqvist, mtu wa tai na rula, aliubonyeza kila mmoja kwa kidole gumba.

"Mipira ni mizuri. Lakini si mali ya timu, ni mali ya watu. Watie saini hapa kwamba wameitoa."

"Basi tu?" Odell aliuliza.

"Basi tu. Na mechi ikiisha nakusanya mali yote ya timu. Helmeti, zulia, mipira."

"Mama, usitie saini."

"Nyamaza, we jitu. Kajifunge hayo magoti yako mabovu." Akaandika jina lake kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Basi wakacheza. Wanane kwa wanane: mwezeka mapaa, dereva wa trekta, mpishi wa shule, wakigongana kama milango ya boma. Odell alibamizwa ukutani mara tatu, na mara tatu akarudi kuinama mahali pake. Mpira uliruka ukuta mara kumi na moja, na mara kumi na moja ukarudishwa. Mzee mmoja aliubusu kwanza. Bwana Lindqvist aligeuza kurasa za kitabu chake akitafuta pa kuandika jambo hilo, hakupaona.

Zilibaki sekunde tano, Nyati wakiongoza arobaini na nane kwa arobaini na tano.

"Napiga goti na mpira, muda uishe, tumemaliza," alisema Tavita Leota, mwezeka mapaa, ambaye ndiye mrushaji wao.

Odell aliutazama mpira chini. *Aprili 12*.

"Usipige goti, kaka. Urushe juu kabisa. Safu ya tatu, koti jekundu."

"Wataniandikia faini."

"Ya nani? Jumatatu nani atakuwepo wa kuilipa?"

Tavita akacheka. Odell akainama, akaupitisha, akamzuia jamaa wa mbele yake kwa kifua chote. Honi ililia mpira ukiwa bado hewani. Bernadine, ndani ya koti lake jekundu, alishavua miwani mipya, akaitia mfukoni. Mpira ukamtua tumboni, akaukumbatia.

Bwana Lindqvist alikuja anahema. "Huo umetiwa saini!"

"Mzee," Odell alisema, "mpira ukiruka ukuta..."

"...ni wa aliyeudaka!" ukumbi mzima ukamalizia.

Mkaguzi alihesabu tena. Akaandika: mitano. Mafundi wakaanza kukunja zulia kutoka upande wa pili, barafu ikijitokeza nyuma yao, wakafika hadi miguuni pa Odell, wakamwomba asogee. Alisimama kwanza kidogo juu ya kipande cha mwisho cha zulia.