Mwiko wa Bibi Kizingiti

Mungu niliyemtunga mimi si mashine ya soda. Nilimwambia hivyo shemeji yangu, muuza vipuri, siku alipochagua kuwa kuhani katika mchezo wetu wa mezani, wa kuigiza mashujaa kwa dadu. Anamtumikia mungu wangu huyo, Bibi Kizingiti, mwenye mwiko mmoja tu: kuhani wake hamfungii mlango anayebisha. Akiuvunja, miujiza inakatika mpaka afungue tena.

"Sawa, sawa," alisema, akili yote kwenye dadu.

Tunacheza Jumapili mchana kwenye meza ya kukatia vitambaa katika karakana ya dada yangu, mkewe, fundi cherehani. Mimi ndiye msimulizi. Ramani nachora kwa chaki yake, na watu ni vifungo. Kifungo chekundu ni dada, shujaa wa shoka aliyemlea tangu kabla hajaolewa. Kwetu shujaa akifa karatasi yenye sifa zake inachanwa, hakuna kubembelezana.

Jumapili moja shemeji alimfukuza kikongwe aliyebisha hodi kambini, eti chakula hakitoshi. Nikaliandika hilo pembeni. Mara jemadari wa maadui akamchoma dada mkuki, naye na kuhani wakakimbilia ghalani, wakakomea mlango.

"Namponya!" Shemeji akarusha dadu. Ishirini, namba ya juu kabisa ya dadu yetu.

"Bibi Kizingiti hajibu," nikasema.

"Ishirini, shemeji! Kitabu kinasema..."

"Kitabu cha dukani. Mungu ni wangu. Ulimfungia nani mlango?"

"Yule kikongwe..." akakumbuka. Dada alikuwa ameishika karatasi yake kwa mikono miwili. Niliumia, lakini sikulegeza: mungu anayeitikia dadu tu ni bomba la maji.

Nikagonga meza. "Hodi. Ni jemadari. Ameumia, askari wake wamemkimbia. Anaomba hifadhi."

"Aliyemchoma mke wangu? Akiingia atatumaliza!"

"Huenda."

"Mume wangu," dada akasema, "mimi nakata roho, wewe unapiga hesabu?"

Shemeji akaisukuma dadu kando. Akainuka, wala sikumwomba, akaufungua mlango wa karakana wazi kabisa. "Karibu," akauambia mtaa.

Mpita njia akasimama, suruali imechanika gotini. "Kumbe Jumapili mnafungua?"

Shemeji akanigeukia. Sikumsaidia.

"Karibu ndani, ndugu yangu," akasema.

Nikakiingiza kifungo cha jemadari ghalani. "Jeraha la dada linafunga," nikatangaza.

Dada akaibusu karatasi yake, nzima, akajifuta machozi. Kisha akamnyooshea mgeni mkono: "Haya, tuione hiyo suruali."