Shamba Limelala

Bango nililichora mimi, ila rangi aliinunua baba mdogo. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo analolirudia kila anapopita mbele ya nyumba yetu: "Rangi yangu! Kanitukana kwa rangi yangu mwenyewe!"

Alinikuta kwenye karakana yangu, ninapochora mabango ya vinyozi na maduka ya dawa. Akasimama katikati ya makopo, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Nataka herufi zinazoonekana kutoka barabarani," akasema. "Andika hivi: ARDHI IMELALA, IAMSHE KWA KUJENGA. Chini yake: VIWANJA VINAUZWA. Nimetunga mwenyewe, unaonaje?"

"Viwanja vya wapi?"

"Pale kwenu, nyuma ya nyumba. Si pamelala tu?"

Nyuma ya nyumba yetu ni shamba la mama. Amelilima tangu sijazaliwa, na baba alipofariki ndilo lililotulisha. Msimu huu hakupanda kitu upande wa juu, majani yakaota mpaka kiunoni.

"Mama anajua?"

"Shemeji nimemwambia tunapima tu. Kupima siyo kuuza. Wewe chora, ya wakubwa waachie wakubwa."

Jioni nikamkuta mama jikoni anachambua mbegu kwenye ungo. Nikamsomea utunzi wa shemejiye. Vidole vyake vikasimama.

"Imelala? Imelala kwa sababu mimi nimeilaza! Imezaa mfululizo, imechoka. Mtu akikuta mtoto kalala mchana, anasema hana mama?"

"Basi mwambie hivyo hivyo."

"Nikimwambia itakuwa vita. Ndiye ndugu pekee wa kiume wa baba yako aliyebaki. Sitaki maneno, mwanangu."

Mama hataki maneno. Mimi maneno ndiyo yanayonivisha na kunilisha. Nikarudi karakanani.

Siku ya kuwaonyesha wanunuzi, baba mdogo alitinga suti, suruali imelowa umande mpaka magotini. Mpima ardhi alikuwa amekwisha kupigilia kigingi cha kwanza kwenye majani. Wanunuzi walikuwa muuguzi mmoja mstaafu, na fundi magari aliyekuja na mkewe. Mama alisimama mlangoni, haingii wala hatoki. Bango langu lilikuwa kando ya njia, limefunikwa shuka.

"Karibuni sana," baba mdogo akasema. "Kazi hii ni ya binti yetu, msanii wa ukoo!"

Akavuta shuka huku macho yake yako kwa wageni.

KIMYA TAFADHALI.
SHAMBA LIMELALA.
ALIYELILAZA NDIYE ATAKAYELIAMSHA.
HALIUZWI.

Muuguzi ndiye aliyeangua kicheko kwanza. "Jamani, kama wodini kwangu! Haya, tunong'one basi."

Baba mdogo akageuka, akasoma, akarudia kusoma. "Nini hiki? Na stashahada yako yote, mistari miwili imekushinda kunakili?"

"Nimenakili, baba mdogo. Nimemnakili mama."

Mpima akashusha nyundo. "Samahani, mwenye shamba ni nani? Mimi nimeambiwa familia nzima imekubali."

Wote wakamtazama mama. Ningeweza kuchora HALIUZWI kubwa kama nyumba, lakini mama akinyamaza, lile lingebaki ubao tu.

Mama akatoka mlangoni. Akapita katikati ya wageni, akakishika kigingi kwa mikono miwili, akakitikisa kama anayeng'oa muhogo mkaidi. Kikatoka. Akampa mpima, kwa adabu, kama anayerudisha mwiko wa jirani.

"Mwenye shamba ni mimi. Sijakubali." Kisha akamgeukia baba mdogo. "Shemeji, nilikaa kimya, ukadhani na mimi nimelala."

Mpima akakusanya kamba zake. Fundi magari aliondoka analalamikia mafuta ya gari. Muuguzi aliuliza kama mama atakuwa na mboga za kuuza.

Jumapili baba mdogo akarudi na shangazi wa kumsindikiza. Hakutaka kiti.

"Aking'oe kibao chake," akasema, "na aniombe radhi mbele ya ukoo. Mimi si wa kuaibishwa na mtoto niliyembeba mgongoni."

Mama akanivuta pembeni. "Shamba limebaki, mwanangu. Mpe neno moja tu, aridhike, yaishe."

Nilimwelewa. Yeye ndiye atakayeishi nao, misiba na harusi. Lakini nikaona mbele yangu kigingi cha pili, kilichopigiliwa juu ya hilo neno moja.

Nikarudi pale aliposimama.

"Baba mdogo, ulinibeba mgongoni, ahsante. Shikamoo yako utaipata kila siku. Rangi yako imebaki nusu kopo, ipitie kesho karakanani. Bango halitoki."

"Na radhi?"

"Radhi siombi."