Pima Fupi ya Nyumba ya Abeid

Kulipopambazuka kitanda cha Nurdin kilikuwa kitupu. Begi la hospitali, lenye shuka mbili, sabuni na sahani ya bati, lilikuwa pale pale mlangoni lilipowekwa jana. Bi Sada hakuhitaji kuambiwa mwanawe yuko wapi. Alijitanda khanga, akalitwaa begi, akamshika mkono mjukuu wake Safia, wakateremka mwaloni Kirumba, ufukweni wanakoshukia wavuvi, penye duka lao la kamba.

Jana yake daktari Dorcas alitaka Nurdin alazwe hapo hapo. Kipimo cha moyo kilionyesha mapigo yanasinzia: yanakwenda, yanasita, yanakwenda tena. Ilibidi awekewe kifaa kidogo kifuani, cha kuushtua moyo kila unapokawia. Nurdin aliomba aende kwanza kuweka sawa mambo ya duka, akaapa alfajiri atarudi. Daktari hakupenda. Alimgeukia Bi Sada.

"Mama, asikae huko. Moyo wa hivi haupigi hodi ukitaka kusimama."

Bi Sada aliuliza viwiko vinahusianaje na moyo, maana daktari alikuwa amehangaika sana na mikono ya Nurdin, ambayo tangu utoto haikupata kunyooka kabisa. Daktari alimweleza taratibu, akijua anasema na watu wa kamba na nyavu. Mwili umejengwa kwa seli, vipande vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila seli ina kiini kinachoiongoza. Chini ya ngozi ya kiini umetandwa wavu mwembamba wa kukishikilia kisipondeke. Katika baadhi ya familia wavu huo hutoka na kasoro tangu tumboni, mzazi akamrithisha mtoto. Penye utulivu mwilini kasoro haisumbui sana. Lakini msuli kazi yake ni kuvuta, na kila ukivuta kiini kinaminywa, kinapinda, pengine kinachanika. Ndipo kano hukaza, viwiko vikagoma, visigino vikagoma. Na moyo ni msuli usiopumzika. Damu itapelekwa mbali kuhakikisha, alisema, lakini moyo usingoje majibu. Kisha akauliza baba yake Nurdin alikufaje.

Abeid alianguka dukani, kamba mkononi, hata kilio hakutoa. Watu walisema dhuluma imemrudi. Mwaloni kamba hupimwa kwa pima, mikono imetandazwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, na pima ya Abeid ilikuwa fupi. Ya Nurdin nayo ni fupi. Bi Sada mwenyewe, aliyelala ubavuni mwa yule mzee miaka yote, alikuwa na shaka yake, akaificha.

Sasa watu walikuwa wamejaa mbele ya duka. Katikati alisimama Ngosha, mvuvi wa dagaa, pande la mtu. Juzi alirudisha kamba akidai imepunjwa, akamtaka Nurdin ajitokeze leo wapimane mikono hadharani.

"Tandaza tu, bwana," Ngosha alikuwa akisema. "Au mbawa zimelowa?"

Watu wakacheka. Nurdin alikuwa na jasho kwenye mdomo wa juu, na rangi ya uso wake ilikuwa kama ya majivu. Alitandaza. Viwiko vikakwama. Akajikaza kuvilazimisha, akapepesuka, akakaa juu ya bunda la kamba kama mtu aliyesukumwa.

Bi Sada aliwapita watu. "Twende hospitali, baba."

"Nikiondoka sasa watasema nimekimbia." Alisema bila kumtazama. "Watasema ni kweli nyumba ya Abeid ni ya wezi. Nipe leo tu, mama."

"Baba yako naye ilikuwa siku moja tu, akaanguka hapa hapa."

Nurdin alitikisa kichwa, akataka kuinuka. Bi Sada alimwona akishika nguzo, akaelewa kwamba maneno hayatamwondoa pale. Tangu jana, daktari alipotaja visigino, alikuwa na jambo ambalo alitamani lisiwe kweli. Safia alitembea kwa vidole vya miguu tangu alipoanza kutembea. Nyumbani walimtania bibi harusi, eti anaogopa kuchafua hina ya nyayo.

"Safia," alisema, "nenda mbele ya baba. Mpimie kamba."

Mtoto alifurahi, kwa kuwa siku zote alikatazwa kugusa kamba. Aliishika ncha, akatandaza mikono kwa nguvu zake zote, kifua mbele. Viwiko vikafika mahali, vikasimama. Pembe ilikuwa ile ile ya baba yake.

Hakuna aliyecheka. Ngosha aliutazama mkono wa mtoto, akautazama wa baba yake.

"Huyu naye anapunja?" Bi Sada alimuuliza.

Ngosha alivua kofia. Nurdin alikuwa amevishika viwiko vya bintiye, anavigusagusa kama mtu anayetafuta fundo gizani.

"Mama," alisema polepole, "yule daktari anapima na watoto?"

"Anapima."

Ngosha ndiye aliyesimamisha bajaji, ndiye aliyempakia Nurdin, ndiye aliyebaki kufunga duka. Bajaji ilipoanza kupanda mlima, Safia alikuwa katikati yao na begi mapajani. Bi Sada alipitisha mkono, akabonyeza kidole kwenye kifundo cha mkono wa mwanawe. Pigo lilikuja. Akangoja jingine. Likakawia, likakawia, naye akazuia pumzi mpaka lilipokuja.

"Kaza mwendo, mwanangu," alimwambia dereva, na kidole hakukitoa.