Gambuti za Mzee Wekoye

Agneta hakumchukia Jelimo. Hivyo ndivyo alivyojiambia kila aliposikia jina lake, na mwaka ule wa 1991 alilisikia kila mahali. Walisoma pamoja chuo cha uuguzi, wakatumia sabuni moja, wakapata diploma siku moja. Sasa Jelimo alikuwa Kitale, akiongoza kampeni ya zahanati ya misheni ya kupima watu ngozi kutoka Trans-Nzoia hadi Bungoma, na padri alimtaja kanisani kama mtume. Agneta alikuwa Bungoma akidunga watoto chanjo, kisha anakimbia nyumbani kuwasongea watu wake ugali.

Kwa hiyo misheni ilipomwomba awarudie watu walioambiwa wako sawa, aone kama kampeni ilimkosa yeyote mwenye melanoma, ile saratani ya ngozi inayoanza kama baka jeusi, alikubali kabla hawajamaliza kusema.

"Unafurahia nini?" mumewe Absalom akamwuliza.

"Kazi ni kazi."

"Ama ni kumkagua Jelimo?"

"Kula chakula, Baba Lenah. Kinapoa."

Alianzia Kamukuywa. Alienda nyumba baada ya nyumba, na kila ngozi aliyoiangalia ilikuwa safi. Jioni alirudi amenuna, na akiwa anaosha sufuria ndipo akatambua kwamba amenuna kwa sababu watu ni wazima. Aliona haya. Kesho yake akatoka tena, akatafuta kwa bidii ile ile.

Sokoni alimkuta mama mmoja anayeuza vitunguu.

"Jelimo alikupima wapi na wapi, mama?"

"Uso, mikono, mgongo. Ako na mikono laini huyo msichana, bana!"

"Sijauliza mikono yake. Miguu je?"

"Hadi magoti."

"Na chini, kwenye nyayo?"

Mama alicheka hadi vitunguu vikamwanguka. "Sista! Nivue gambuti mbele ya soko lote, na matope yote haya? Si hata yeye hakuuliza."

Agneta alibaki amesimama. Kwa watu weusi, melanoma hupenda sana kukaa kwenye unyayo. Walifundishwa hivyo wote wawili, darasa moja, benchi moja. Ama Jelimo alisahau, ama foleni ilimlemea, lakini kampeni nzima ilikuwa imepita juu ya viatu vya watu. Furaha iliyompanda Agneta haikuwa ya mtu mzuri, na alijua.

Tangu siku hiyo alibeba beseni na sabuni. Aliosha miguu ya watu kwanza, ndipo akaangalia. Nyayo zilikuwa na nyufa, tope na madoa ya utomvu, lakini madoa yalitoka kwa sabuni. Bado hakupata kitu. Kisha akafika Kabuchai, kwa wakwe zake.

Mzee Wekoye, babake Absalom, alikuwa miongoni mwa waliopimwa na Jelimo wakaambiwa wako sawa. Sasa alikuwa anachechemea, na gambuti zake hakuzivua hata kanisani.

"Ati ni mwiba wa shamba la miwa," mama mkwe Nakhungu alimnong'oneza Agneta jikoni. "Mwiba gani huo, mwanangu? Kuna doa jeusi, na siku hizi linatoa maji. Nikisema, ananifokea."

Agneta aliweka beseni chini. Alichokitafuta kilikuwa pale, hatua chache tu, ndani ya gambuti ya kushoto. Na hakuweza kukigusa. Kwa Wabukusu, mke wa mwana hamsalimu baba mkwe kwa mkono wala haketi karibu naye, sembuse kumvua kiatu na kumwosha mguu. Mzee angekufa na gambuti yake kabla ya kukubali aibu hiyo.

Jioni alimweleza Absalom.

"Mwite Jelimo," Absalom akasema. "Yeye si mkwe wa mtu hapa."

"Daktari Cheruiyot wa hospitali yetu anarudi kutoka likizo mwezi ujao. Yeye ni mwanamume, atamwangalia."

"Mwezi ujao? Mama Lenah, huyo ni baba yangu!"

Agneta alikusanya sahani. Alijua baka linalotoa maji halingoji likizo ya mtu. Alijua pia kwamba Jelimo akija, itasemwa ni Jelimo aliyeona. Asubuhi alienda posta ya Bungoma, akapiga simu Kitale. Alisema maneno machache, yote makavu.

Jelimo alifika siku iliyofuata. Agneta alichemsha maji, akampa beseni lake na sabuni yake, akasimama nje akitazama ukuta.

"Baba, nipe mguu," sauti ya Jelimo ilisema ndani.

"Si ulinipima, msichana?"

"Nilipima vibaya. Leta mguu."

Maji yakamwagika. Jelimo alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ni yenyewe," alisema. "Apelekwe hospitali leo. Na Agneta, mwandike kati ya waliokoswa. Mimi ndiye niliyempitisha."

Ndilo neno Agneta alilolitaka mwaka mzima. Alitaka angalau Jelimo abishe kidogo, ili yeye aone raha ya kumshinda. Hakubisha.

Mzee alikatwa sehemu ya mguu. Madaktari walisema ugonjwa ulikuwa haujasambaa, na kwamba mwezi mmoja zaidi ungekuwa mwezi mbaya. Misheni ilisoma ripoti ya Agneta, ikaamuru kila mtu arudiwe, viatu chini. Jelimo aliongoza tena.

Mzee aliporudi Kabuchai na mkongojo, Jelimo alikuja kumjulia hali. Mzee hakusema na Agneta moja kwa moja. Alimtuma mkewe, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani:

"Mwambie mke wa Absalom amkamatie huyu daktari kuku yule mkubwa mwekundu. Huyu msichana ndiye aliyeniokoa!"

Nakhungu alimwangalia Agneta, akataka kusema kitu.

"Mwache, mama," Agneta akasema. "Yuko hai, si ni hivyo?"

Akaenda nyuma ya jiko. Kuku mwekundu alikuwa pale, mnene, anachakura taratibu. Agneta alimpita, akamkamata wa pili kwa ukubwa.